Kamera ya mtumba yenye megapikseli nyingi: ikague wapi kabla ya kutoa pesa

Hotuba kwa wapiga picha wa Kisumu na kaunti nyingine

Mwenyekiti, wazee mliofika, dada na kaka zangu wapiga picha wa Kisumu, na nyinyi mliosafiri kutoka Kakamega, Busia, Kericho na Nakuru, hamjambo.

Mada niliyopewa ni ununuzi wa kamera ya mtumba ya fremu kamili (yenye sensa, yaani kipande kinachopokea mwanga, ya ukubwa wa filamu ya zamani ya milimita 35), zile zisizo na kioo cha ndani, zenye megapikseli 40 kwenda juu. Nitaanza na swali ambalo kila mnunuzi hulitanguliza: "Shata imepiga ngapi?", yaani lile pazia linaloruhusu mwanga limefunguka mara ngapi. Swali hilo halina ubaya, ila limepewa heshima kubwa mno. Sony ilitangaza kwamba shata za A7R II, A7R III na A7R IV zimejaribiwa hadi mipigo 500,000. Canon inataja idadi hiyohiyo kwa EOS R5. Panasonic inasema 400,000 kwa S1R, na Nikon 200,000 kwa Z7. Sasa piga hesabu: mtu wa harusi anayepiga picha 2,000 kila Jumamosi, mwaka mzima bila kukosa hata wiki moja, anafikisha 104,000. Kwa hiyo Sony yenye mipigo 90,000 bado ina safari ndefu, na shata ikichoka, fundi anaweza kuibadilisha.

Vinavyozika kamera hizi ni vitu vitatu: sensa yenyewe, pete ya chuma inayoshika lenzi, na mfumo unaoisogeza sensa ili mtikisiko wa mkono usionekane. Sensa ikiharibika, bei ya sensa mpya pamoja na kazi ya fundi hukaribia bei ya bodi nyingine ya mtumba, yaani kamera bila lenzi, na bodi itabidi isafiri Nairobi au nje ya nchi kwa matengenezo. Muda wetu mwingi leo utaenda hapo.

Lakini kwanza, una kazi gani na pikseli hizo? Picha ya megapikseli 24 ina pikseli 6000 kwa 4000. Ukiichapisha kwa nukta 300 kila inchi, unapata karatasi ya inchi 20 kwa 13, yaani inazidi A3. Albamu nyingi za harusi hapa mjini haziufikii ukubwa huo. Sony ya megapikseli 42 inatoa pikseli 7952 kwa 5304, ambayo ni inchi 26 na nusu kwa karibu 18. Ile ya megapikseli 61 inatoa 9504 kwa 6336, takriban inchi 32 kwa 21. Na bango kubwa la barabarani? Hilo hutazamwa kutoka ng'ambo ya barabara na huchapishwa kwa nukta chache kwa kila inchi, kwa hiyo hata megapikseli 24 hulitosha. Anayekuambia huwezi kufanya mabango bila megapikseli 61 anakuuzia kamera.

Wanaofaidika kweli ni wanaokata picha. Anayefuata ndege kwenye mafunjo ya Dunga au heroe kule Ziwa Nakuru hana lenzi ndefu ya kutosha siku zote. Kamera ya megapikseli 61 ukiikata hadi eneo la sensa ndogo, ile iitwayo APS-C, inabaki na takriban megapikseli 26. Ya 42 inabaki na 18, na Nikon Z7 yenye 45.7 inabaki na 19 na nusu. Anayepiga picha za vitambaa, vito, michoro au nyaraka za zamani naye ana sababu. Vivyo hivyo mpiga picha wa makundi makubwa, pale ukoo mzima unapojipanga mbele ya kanisa na kila shangazi anataka sura yake ikuzwe peke yake. Kama kazi yako ni pasipoti, video za mitandao na sherehe za kuzaliwa, nunua megapikseli 24 na pesa inayobaki uiweke kwenye lenzi. Ukitaka unaweza kuondoka sasa, hatutakununia.

Mliobaki, sikilizeni gharama ambayo muuzaji haitaji. Faili ghafi (RAW) isiyobanwa ya A7R III ni zaidi ya megabaiti 80. Ya A7R IV ni kama 120. Kadi ya gigabaiti 64 inabeba picha kama 500 tu za A7R IV, na harusi ya picha 2,000 ni gigabaiti 240. Ukiweka nakala ya pili, kama unavyopaswa, umekwisha tumia gigabaiti 480 kwa bwana harusi mmoja. Sony hizi za II, III na IV zina chaguo la kubana faili hadi karibu nusu, lakini ubanaji huo hupoteza taarifa kidogo, na ukiinua vivuli sana unaweza kuona madoa kwenye kingo zenye mwanga mkali na giza, kwa mfano ukingo wa paa la mabati dhidi ya anga. Katika familia hii ya A7R, ubanaji usiopoteza kitu ulikuja na A7R V. Nikon Z7 inao tayari, na Canon R5 nayo ina faili ndogo kiasi bila kuharibu picha. Hilo ni jambo la kuzingatia kuliko tofauti ya megapikseli tatu kati yao. Kompyuta yenye RAM ya gigabaiti 8 itakufanya unywe chai kati ya picha na picha. Anza na 16, na kwa megapikseli 61 tafuta 32.

Kisha lenzi. Pikseli ya kamera ya megapikseli 24 ina upana wa kama maikromita 6. Ya A7R IV ni 3.76. Kila udhaifu wa lenzi, wa mkono na wa fokasi unaonekana waziwazi. Kwa lenzi ya milimita 50 mlizoea sekunde 1/60. Hapa anzia 1/125 na upande. Ukifunga tundu la lenzi kupita f/11 (namba ya f ikikua, tundu linapungua), ukali wa picha unaanza kushuka kwa sababu za kifizikia ambazo hakuna kampuni inayoweza kuzishinda, na kwa megapikseli 61 utauona mshuko huo mapema, kuanzia karibu f/8. Ndiyo maana bodi isile zaidi ya nusu ya bajeti yako. Bodi ya megapikseli 61 yenye lenzi ya bei rahisi hutoa faili nzito za picha laini.

Sasa bodi zenyewe. Sony A7R II ya mwaka 2015 ndiyo ya bei nafuu kuliko nyingine, na sensa yake bado ni nzuri sana. Kasoro zake ni betri ndogo ya NP-FW50, inayotoa picha kama 290 kwa kipimo rasmi, nafasi moja tu ya kadi, na joto inaporekodi video ya 4K. Kwa studio na mandhari, ichukue. Kwa harusi, hapana. A7R III ya 2017 ndiyo ningeipendekeza kwa wengi waliomo humu: megapikseli zilezile 42, betri ya NP-FZ100 inayofika picha 650, na nafasi mbili za kadi za SD, ingawa ni ya kwanza tu inayotumia kasi ya UHS-II. A7R IV ya 2019 iliongeza megapikseli hadi 61 na nafasi zote mbili zikawa za kasi. Ina mshiko bora pia, lakini usiichukue kabla ya kununua diski za kutosha.

Upande wa Nikon, Z7 ya 2018 hutoa picha safi ajabu na ISO yake (unyeti wa sensa kwa mwanga) ya chini kabisa ni 64, jambo linalosaidia kwenye jua letu la saa sita mchana hapa karibu na ikweta. Tatizo ni nafasi moja ya kadi, ya aina ya XQD, ambayo baadaye ilifunguliwa kwa CFexpress aina ya B kupitia programu mpya ya kamera. Kadi hizo ni ghali, na usitegemee kuzipata dukani Kisumu Jumamosi asubuhi. Z7 II ya 2020 iliongeza nafasi ya SD. Canon R5, pia ya 2020, ina fokasi hodari sana na nafasi mbili za aina tofauti, CFexpress na SD, lakini video ya 8K huipasha moto. Panasonic S1R ya 2019 ina megapikseli 47 na imeundwa imara, ila ina uzito wa takriban kilo moja bila lenzi, na fokasi yake kwa watu wanaocheza densi inasumbua. Kwa bidhaa mezani, hiyo ni kamera nzuri kwa pesa kidogo.

Wenye lenzi za zamani, tahadhari moja. Lenzi za Canon EF hufanya kazi vizuri kwenye R5 kupitia adapta ya Canon. Lakini lenzi za Nikon za AF-D, ile milimita 50 ambayo wengi mnayo, hazina mota ndani. Kwenye Z7 kupitia FTZ, adapta ya Nikon, hazitajifokasi kabisa. Utakuwa unazungusha kwa mkono.

Kabla hujapanda gari kwenda kuiona kamera, mwombe muuzaji faili tatu. Ya kwanza ni picha ya anga au ukuta mweupe kwa f/16 na ISO 100, fokasi ikiwa imevurugwa kwa makusudi. Ya pili ni picha ya giza, kifuniko cha lenzi kikiwa kimefungwa, sekunde 30, ISO 800, ule upunguzaji chembe wa picha ndefu (Long Exposure NR) ukiwa umezimwa. Ya tatu ni picha ya kawaida ya leo. Azitume kupitia Google Drive, au WhatsApp lakini kama dokumenti. Akizituma WhatsApp kama picha za kawaida, zinabanwa na taarifa za ndani zinafutwa, na huwezi kusoma chochote. Mwambie pia apige picha ya skrini ya menyu. Sony zilizouzwa kwa soko la Japani zina menyu ya Kijapani pekee na hakuna njia rasmi ya kuibadilisha. Bei yake huwa tamu. Kama husomi Kijapani, kamera hiyo itakusumbua wewe, na itamsumbua atakayeinunua kwako.

Siku ya kukutana, chagua mahali penye dirisha kubwa, soketi ya umeme na walinzi: ndani ya benki, au kwenye jumba la maduka. Jipe saa nzima. Beba kadi yako tupu ya aina inayofaa, lenzi mbili za pete hiyo (azima moja kama huna), tochi ndogo, kipuliza vumbi cha mpira, flashi, na kompyuta yenye ExifTool, programu inayosoma taarifa zilizo ndani ya faili za picha. Ukiambiwa "fanya haraka, kuna mtu mwingine anakuja saa nane", mwache huyo wa saa nane ainunue.

Anza na chini ya bodi. Angalia skrubu. Vichwa vilivyochubuka vinasema bodi imewahi kufunguliwa, na hapo uliza ni nani aliyeifungua na kwa nini. Rangi iliyofifia kwenye mshiko si kitu, ni alama ya kazi. Kona iliyobonyea karibu na kitazamio, au bamba la tripodi lililopinda, hiyo kamera imeanguka. Kamera iliyoanguka inaweza kufanya kazi na sensa yake ikawa imekaa upande, na hapo macho peke yake hayatakuambia.

Kwa hiyo fanya jaribio la ukuta. Tafuta ukuta wa matofali au vigae, weka kamera kwenye tripodi au meza, isimame sambamba kabisa na ukuta, piga kwa f/2.8 au f/4. Fungua picha kwenye kompyuta kwa asilimia 100 na ulinganishe kona nne. Tuseme kona ya chini kulia ni laini. Badilisha lenzi, piga tena. Kona ileile ikibaki laini, ugonjwa uko kwenye bodi: pete imepinda au sensa imeinama. Ulaini ukihama au ukitoweka, lawama ni ya lenzi ya kwanza. Watu wengi wamerudisha bodi nzima kwa sababu ya lenzi mbovu, na wengine wamekaa na bodi mbovu wakilaumu lenzi. Jaribio hili ni la dakika 5, na kama huna muda wa mengine, fanya hili. Ukimaliza, shika lenzi iliyofungwa na uitikise taratibu. Kuzunguka kidogo sana ni kawaida. Lenzi ikichezacheza juu na chini, pete imelegea.

Halafu sensa. Toa lenzi na umulike kwa tochi kutoka pembeni. R5 hufunga shata inapozimwa, kwa hiyo tumia menyu ya kusafisha sensa kwa mkono ili ifunguke. Vumbi utaliona kama punje, na kipuliza kitalihamisha. Mkwaruzo hauhami. Ukiona nyuzi nyembamba kama mizizi, hiyo ni kuvu, funga kamera na umrudishie mwenyewe. Rudia picha ya f/16 ya anga mbele ya macho yako, maana ile aliyokutumia inaweza kuwa ya kamera nyingine. Madoa ya duara yenye kingo laini ni vumbi. Mstari mkali mwembamba ni mkwaruzo.

Rudia pia picha ya giza. Kwa sekunde 30, nukta chache nyeupe au nyekundu ni jambo la kawaida kwa sensa yoyote. Nikon na Panasonic zina kipengele kwenye menyu cha kuzificha. Lakini nukta zinazoonekana kwa 1/60 na ISO 100 ni ishara mbaya. Na mstari kamili unaokatiza picha, wima au mlalo, au kundi la nukta za rangi mahali pamoja, ni dalili kwamba huenda sensa ilipigwa na leza. Kamera nyingi za mtumba zimefanya kazi kwenye tamasha na kumbi za harusi, na taa za leza za madijei haziangalii bei ya sensa. Hilo halirekebishwi.

Kiimarishi cha sensa, ule mfumo wa kuficha mtikisiko wa mkono, ndicho watu husahau. Sony ikiwa imezimwa, ukiitikisa unaweza kusikia kitu kikigonga taratibu ndani. Usishtuke, sensa inaelea na haijashikwa na sumaku zake. Ukiiwasha, sauti hiyo inapaswa kutoweka. Sasa weka lenzi ya milimita 50, sekunde 1/10, piga picha 10 kiimarishi kikiwa kimewashwa na 10 kikiwa kimezimwa. Tofauti iwe dhahiri. Kisha rekodi video ya dakika 2 ukiwa umesimama wima, na utazame kona za picha. Zikirukaruka kama mtu aliyeshtuliwa, mota moja inakufa. Endelea kurekodi 4K kwa dakika 20 huku ukikagua mambo mengine, uone kama itajizima. R5 na A7R II ndizo za kuangaliwa zaidi hapo.

Shata sasa, na hapa kuna mtego. Piga ukuta mweupe kwa 1/4000 na 1/8000. Picha iwe na mwanga sawa kote, na utepe mweusi upande mmoja unamaanisha pazia la shata limechoka. Lakini fanya hivyo karibu na dirisha kwa mwanga wa jua, kwa sababu umeme wetu ni wa hezi 50 na taa za mirija na LED huwakawaka. Ukijaribu chini ya taa hizo, hasa kwa shata ya kielektroniki, utaona mistari na utaihukumu kamera ambayo haina hatia. Kwa A7R IV, sensa husomwa polepole, karibu sehemu ya kumi ya sekunde, kwa hiyo mpira unaoruka utapinda na flashi haitawaka kabisa ukitumia shata ya kielektroniki. Kamera iliumbwa hivyo. Weka flashi, chagua shata ya kawaida, 1/250 kwa Sony, 1/200 kwa Z7 na R5, upige mara tano. Utepe ukionekana chini ya picha kwa kasi hiyo, kuna tatizo.

Mengine ni ya kupitia haraka. Bonyeza kila kitufe na kila gurudumu, na kuwa mwangalifu na gurudumu la mbele la kidole: likiruka namba, vumbi limeingia. Fungua na ufunge skrini, uone kama inazima ikifika pembe fulani, kwani hiyo ni waya inayokatika. Chomeka waya wa USB uone inachaji. Tia kadi kwenye kila nafasi, upige na usome. Kwenye nafasi ya XQD au CFexpress mulika ndani uangalie pini zilizopinda. Kwenye betri, Nikon huonyesha umri kwa kiwango cha 0 hadi 4 kwenye menyu, 0 ikiwa mpya, na Canon huonyesha vijistari vya kijani. Sony hizi za II hadi IV hazikuambii, kwa hiyo hesabu betri ya Sony ya mtumba kuwa nusu mfu na uweke bei ya mpya kwenye bajeti.

Mwisho wa ukaguzi ndipo uchomeke kadi kwenye kompyuta na kuuliza habari za shata. ExifTool husoma hesabu hiyo kwenye faili nyingi za Sony na Nikon. Kwa Canon R5, huenda ukahitaji kuunganisha kamera kwa waya na programu maalumu. Kumbuka namba hiyo haihesabu saa za video, kwa hiyo kamera ya mtu wa YouTube yenye mipigo 6,000 inaweza kuwa imechemka kuliko ya mtu wa harusi yenye 80,000. Nikon na Canon huandika namba ya bodi ndani ya picha pia. Ilinganishe na ile iliyo kwenye bodi ya kamera. Zikitofautiana, ondoka.

Na hapa niseme kidogo kuhusu wizi, kwa sababu kamera hizi huibiwa. Kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu kinashughulikia kupokea mali ya wizi, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 14. Kujitetea kwamba ulinunua kwa bei ya kutupa hakukusaidii, kunakuumiza. Andikeni karatasi ya mauzo: aina ya kamera, namba ya bodi, namba ya lenzi, bei, tarehe, majina na namba za kitambulisho, sahihi za wote wawili. Mpige picha akiwa na karatasi hiyo. Ukilipa kwa M-Pesa, ambayo hubeba hadi shilingi 250,000 kwa muamala mmoja, jina linalotokea kwenye simu yako kabla ya kuthibitisha liwe lilelile la kwenye kitambulisho. "Tuma kwa namba ya dada yangu" ni sababu ya kusimamisha biashara. Wewe unayeuza nawe, usiachie kamera kwa kuonyeshwa ujumbe kwenye simu ya mnunuzi. Angalia salio lako mwenyewe, kwa kuwa ujumbe wa kughushi ni rahisi kuutunga. Kutuma pesa Nairobi na kusubiri kamera kwa basi la usiku, bila mtu wa kuikagua kule, nashauri usifanye hata kama muuzaji ana wafuasi elfu hamsini. Mlipe fundi au mpiga picha wa Nairobi saa moja ya kazi yake akufanyie majaribio haya.

Kwenye karatasi hiyohiyo ya mauzo, kubalianeni sharti moja: siku 7 za kurudisha ikiwa kasoro iliyofichwa itaonekana. Kamera ikifika nyumbani, katika siku hizo itumie kweli. Rudisha menyu yote kwenye hali ya kiwandani, weka programu mpya kutoka tovuti ya kampuni, na upige kama uko kazini.

Na uitunze kulingana na mahali unapoishi. Ninyi wa Kisumu, adui yenu ni unyevunyevu. Begi la ngozi lililofungwa kabatini msimu wa mvua ni shamba la kuvu. Tumia ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, weka pakiti za silika jeli, na kipima unyevu kidogo. Lengo liwe kati ya asilimia 40 na 50. Silika ikibadilika rangi, ikaushe kwenye oveni au sufuria kavu kwa moto mdogo. Dunga jioni, wale wadudu wa ziwani wakipanda kama moshi, usibadilishe lenzi nje. Wakiingia humo ndani watakufa juu ya sensa na mafuta yao hayatoki kwa kipuliza. Ninyi wa Nakuru, vumbi la kando ya ziwa lina magadi. Likiwa kavu litoe kwa kipuliza, kamera ikiwa imeelekezwa chini. Usitangulize kitambaa chenye maji, kwa sababu magadi yaliyolowa huganda kwenye kioo cha sensa na punje zake hukwaruza. Pulizia kwanza, mara nyingi, na kusafisha kwa majimaji kuwe hatua ya mwisho, kwa kijiti kipya cha upana wa sensa ya fremu kamili, milimita 24, mpito mmoja kwenda na mmoja kurudi, kisha kitupwe.

Kuna meza ya mbele yenye kompyuta, ukuta wa vigae uko kule nyuma, na dirisha hili la upande wa ziwa lina mwanga hadi saa kumi na mbili kasorobo. Waliokuja na kamera wanazofikiria kununua, au zile wanazoshuku, wapange foleni na betri zilizojaa. Tutaanza na zile ambazo wauzaji wake bado wanasubiri pesa.